Ugonjwa Huu ni Nadra kwa Nani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nijibu neno moja lililosemwa katika mdahalo wa mwezi wa pili, ambalo sikuweza kulijibu siku ile kwa kuwa kengele ya mwenyekiti ililia kabla sijamaliza. Waliokuwapo watakumbuka. Hoja ilisema kwamba wanafunzi wa Tanzania wajifunze sayansi ile tu iletayo faida ya upesi. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nikataja kwamba mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, kwa kazi waliyoianza kwa kuchunguza mnyoo. Ndugu yetu wa upande wa pili akasimama akauliza, "Mnyoo huo una urefu gani?" Nikajibu, milimita moja. Akawageukia wasikilizaji akasema, "Mnasikia? Sisi tunahangaika na maji, mwenzetu anatuletea mnyoo wa milimita moja!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nami nilicheka kidogo, kisha nikakaa. Tulishindwa kwa kura nyingi.

Sina kinyongo na yule ndugu, maana alisema vizuri kuliko mimi, na usiku ule ule tulikula meza moja. Lakini nasema alikosea, na sababu ya kusema hivyo iko katika mguu wa babu yangu.

Babu ni mkulima wa migomba na kahawa katika miteremko ya Meru. Nilipokuwa darasa la saba alitokewa na madoa meusi yenye wekundu wa zambarau katika unyayo wa kushoto, matatu au manne, hayawashi wala hayaumi. Alikwenda kwenye zahanati akapewa dawa ya kupaka, ile ya fangasi. Akaipaka miezi mingi. Madoa yakapanda mpaka kwenye kifundo, yakawa vinundu vigumu, na mguu ukavimba hata kiatu kikakataa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema amekanyaga kitu alichotegewa shambani. Wengine, na hawa ndio waliomuumiza zaidi, walisema kwa sauti ya chini kwamba mzee ana "ule ugonjwa", nao wakaanza kumtengea kikombe chake. Babu alipimwa VVU mara mbili, hana. Lakini nani atakwenda nyumba kwa nyumba na karatasi ya majibu? Akaacha kwenda ibadani. Mpaka leo huvaa soksi nene hata jua likiwa kali, na mgeni akiingia huuvuta mguu chini ya kiti.

Hatimaye alipelekwa hospitali ya rufaa. Wakakata kipande cha nyama kadiri ya punje ya harage, wakakitazama katika hadubini, na baada ya wiki tano jibu likaja: sarkoma ya Kaposi, saratani inayoota katika seli za kuta za mishipa midogo ya damu na limfu, ikaonekana katika ngozi. Alitiwa dawa ya dripu kwa miezi kadhaa. Vinundu vingi vimesinyaa, ila uvimbe haukwisha wote. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, naye akasema, "Andika, ila jina langu liache." Nimeliacha.

Sasa, mtu akifungua vitabu vya wenzetu wa Ulaya atakuta ugonjwa huu umewekwa katika fungu la saratani za nadra. Huko ni kweli. Moritz Kaposi, daktari wa ngozi wa Vienna, alipouandika mara ya kwanza mwaka 1872 alikuwa na wagonjwa watano tu. Lakini hapa kwetu mambo yalikuwa mengine. Madaktari wa Makerere waliuona mara kwa mara kiasi kwamba mwaka 1961 mkutano mzima wa wataalamu ulifanyika Kampala kuzungumza juu ya ugonjwa huu peke yake. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa kule Mulago, na baada ya miaka miwili ikapata wodi ya wagonjwa wa Kaposi. Yaangalieni miaka hiyo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliandikwa Marekani mwaka 1981. Basi wazee wa Afrika Mashariki walikuwa na madoa haya miguuni miaka mingi kabla ulimwengu haujapata kulisikia neno UKIMWI. Natamani waliomtengea babu kikombe wangeambiwa tarehe hizi mbili tu.

Ni kweli kwamba UKIMWI ulipoingia, ugonjwa huu ulipata njia pana. Kinga ya mwili ikianguka, sarkoma ya Kaposi huinuka, nayo hushambulia vijana, hupanda usoni na kinywani, hata mapafuni. Katika nchi kama Uganda na Malawi ilipata kuwa saratani iliyoongoza kwa wanaume. Dawa za kufubaza VVU zimeupunguza, walakini haukuondoka. Kwa hiyo mtu akiniambia ni ugonjwa wa nadra, mimi humwuliza: nadra kwa nani?

Chanzo chenyewe kilijulikana mwaka 1994, pale Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua kirusi kipya katika vipande vya uvimbe huo. Kirusi hicho ni cha ukoo mmoja na kile cha tetekuwanga. Huambukizwa zaidi kwa mate, na katika nchi zetu watu wengi hukipata wangali watoto. Katika sehemu nyingi za Uganda nusu ya watu wazima au zaidi wanacho. Lakini wengi wao hawataugua maisha yao yote! Hukaa nacho kama mtu anavyokaa na mpangaji mkimya.

Kwa nini basi mmoja anaugua na wengine hawaugui? Kinga iliyodhoofika ni jibu la wengi, si la wote, maana babu hakuwa nayo. Mwaka 1993 Daktari John Ziegler, ambaye alikuwa mkuu wa kwanza wa taasisi ile ya Kampala, alitoa wazo kwamba pengine udongo wa volkeno una sehemu yake: mkulima apekuaye shamba bila viatu huingiwa na chembe ndogo za udongo huo katika nyayo, zikaziba na kuichokoza mishipa ya limfu, na kinga ya mahali pale ikalegea. Hilo ni wazo, halijathibitishwa. Lakini sisi tukaao chini ya Mlima Meru, ambao miteremko yake yote ni majivu ya volkeno ya zamani, hatuwezi kulisoma wazo hilo kama watu wa London wanavyolisoma. Babu alinunua viatu vyake vya kwanza vya shambani akiwa na miaka hamsini na kitu.

Hapa ndipo ninaporudi kwa yule mnyoo.

Naomba nieleze kwa mfano wa jiko letu, maana kitabu changu cha biolojia kina DNA na RNA, lakini jambo hili sikulikuta humo. Nilisomeshwa na mwalimu wetu baada ya masomo, kwa Kiingereza, nami ninaligeuza kadiri niwezavyo. Shule ina daftari kubwa la stoo ambalo hufungiwa ofisini na halitoki. Kila asubuhi mwalimu wa zamu hunakili mstari mmoja katika kijikaratasi, unga kiasi hiki na maharage kiasi hiki, na kijikaratasi hupelekwa jikoni, mpishi akapika. Daftari ni DNA. Kijikaratasi ni RNA mjumbe. Chakula ni protini, ambayo hufanya karibu kazi zote za seli. Zamani wataalamu walidhani kwamba habari yote ndiyo hiyo.

Mwaka 1993 Ambros na Ruvkun walionyesha kwamba njiani kati ya ofisi na jiko yuko mtu mwingine. Haandiki daftari wala hapiki. Yeye ni kipande kifupi mno cha RNA, cha herufi 22 hivi, na kazi yake ni kuvisoma vijikaratasi. Akikuta maneno yanayolingana na yake, hukikalia kijikaratasi kisifike, au hukifanya kichanwe. Huyo ndiye maikro-RNA. Wasomaji msimdhanie mwovu: bila yeye jikoni wangepika ugali usiku kucha. Mnyoo uliokosa maikro-RNA ile ya kwanza ulishindwa kukua sawasawa, ukawa unarudia hatua za utoto, kama mtu anayerudishwa kidato cha kwanza kila Januari.

Na watu walisemaje mwaka 1993? Walisema kama ndugu yetu wa mdahalo, kwamba hilo ni jambo la mnyoo. Wengi hawakulijali kwa miaka saba, hata mwaka 2000 Ruvkun na wenzake walipopata maikro-RNA nyingine ambayo imo katika wanyama wa kila namna, na mwanadamu akiwamo. Leo inajulikana kwamba mwanadamu anazo za aina zaidi ya elfu moja.

Kisha likaja jambo la kushangaza. Mwaka 2005 makundi kadhaa ya watafiti yalikuta kwamba kirusi cha Kaposi nacho kina maikro-RNA zake. Kina jeni 12 za kuzitengeneza, na hakizitumii kwa mambo yake tu, bali huzitoa ndani ya seli ya mtu zikachane vijikaratasi vya mwenye nyumba. Akili ya jambo hili ni kubwa. Kirusi kikipika protini nyingi, harufu hutoka, askari wa kinga huinusa na kuja kuiua seli nzima. Maikro-RNA haina harufu. Askari hupita mlangoni wasione kitu.

Zinachana nini? Nitataja machache niliyoyaelewa. Mwili una protini moja inayozuia mishipa ya damu isiote ovyo. Maikro-RNA za kirusi huipunguza, na ndiyo maana si ajabu kwamba saratani hii imejaa vimishipa vya damu na rangi yake ni ya zambarau. Seli iliyo taabuni huweka nje yake alama ya kuomba msaada, mfano wa kupiga king'ora, ili askari waje. Iko maikro-RNA ya kirusi inayozima king'ora hicho. Lakini lililonishika zaidi ni la tatu. Kila mmoja wetu anayo maikro-RNA iitwayo miR-155, yenye kazi halali katika seli za kinga, na ikizidi kiasi huonekana katika saratani fulani za damu. Mwaka 2007 ilionekana kwamba mojawapo ya zile za kirusi ina herufi za mwanzo zile zile za miR-155, na herufi za mwanzo ndizo hasa zinazotumika kukitambua kijikaratasi. Sisi tunaolala bwenini tunalifahamu vizuri jambo hili. Ni kibali cha kutoka chenye sahihi ya mwalimu iliyoghushiwa! Mlinzi wa lango anatazama mwanzo wa sahihi, anaona ni ile ile, anafungua. (Sitaji majina. Waliopewa adhabu ya kufyeka mwezi uliopita wanajijua.)

Nilipomweleza babu habari hii wakati wa likizo alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo si mtu aliyenifanyia?" Nikamwambia hapana, ni kirusi, na huenda ulikipata ulipokuwa mtoto mdogo. Akasema nimweleze bibi pia. Nikamweleza bibi. Jioni shangazi alikuja na mume wake, nikaambiwa nianze tena tangu mwanzo.

Ndugu yangu wa mdahalo atasema, vema, lakini je, babu amepona kwa hizo herufi 22? Nitajibu kweli: hapana. Alitibiwa kwa dawa za saratani za kawaida, na mpaka leo hakuna dawa ya ugonjwa huu iliyotengenezwa kwa njia ya maikro-RNA. Kuanzia mwaka 2016 huko Marekani ilijaribiwa dawa ya kuizuia miR-155 kwa wagonjwa wa saratani nyingine ya ngozi iliyo nadra, yaani limfoma ya ngozi, lakini jaribio lilisimamishwa kabla halijafika mwisho. Sitaki kumdanganya mtu kwamba kesho itauzwa dukani Usa River.

Lakini na yeye anijibu. Dawa hizo za kawaida zilijulikanaje kuwa zinafaa? Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya kulinganisha dawa tatu kwa wagonjwa wenye sarkoma ya Kaposi iliyokwisha kuenea na wenye VVU. Ile iitwayo paklitakseli ilizishinda nyingine. Wagonjwa hao walitoka Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili. Walipimwa na kuhesabiwa huku, na madaktari wa huku wakiwamo, kwa sababu ndiko waliko. Vivyo hivyo vipande vya nyama ambavyo kwavyo wataalamu watasoma maikro-RNA hizi vimo katika miguu ya wazee wetu. Mimi nauliza kama ni lazima kila kipande kipande ndege kwenda kusomwa na mtu ambaye hajapata kuuona mguu wenyewe.

Tena yule ndugu alichagua mfano wa maji, hapa Maji ya Chai! Mji huu umepewa jina kwa ajili ya rangi ya mto wake, na maji yetu yana madini ya floridi kuzidi mara kadhaa kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha. Lakini tazama meno ya tuliozaliwa hapa. Katika darasa letu unaweza kumtambua mtu wa huku kabla hajataja jina lake. Wazee wetu nao walisingizia mengi kabla ya watu wa maabara kupima maji na kusema ni hiki. Na kule Ngurdoto kuna kituo ambako wanachunguza namna ya kuyasafisha, na mojawapo ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hiyo nayo ilikuwa sayansi ya kitu kidogo kisichoonekana, nayo haikuleta faida ya upesi.

Wala hatuko mbali na mahali pa kujifunzia. Tangu mwaka 1992 kiko kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, ambacho wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Tengeru, ambako wengi wetu hushuka kwa ajili ya soko tu, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Basi dogo likitoka hapa hupita barabara inayoielekea kila siku. Mimi nimesoma hapa karibu miaka minne, na hatujapata hata mara moja kuingia katika maabara yake, ingawa tumekwenda kutazama twiga wa Momela mara mbili. Twiga ni wazuri, lakini mara moja ilitosha.

Nadhani pia hospitali zikituma watu vijijini kusema habari za UKIMWI na kifua kikuu, waongeze maneno machache juu ya madoa haya: kwamba doa jeusi au la zambarau lisilowasha, lisilopona kwa dawa ya kupaka, lipelekwe likatazamwe mapema; kwamba aliye nalo apimwe VVU kwa faida yake mwenyewe, na majibu yakiwa hapana asichukuliwe kuwa ni mwongo. Babu alipoteza karibu mwaka na nusu kwa fangasi ambayo hakuwa nayo. Simlaumu mganga wa zahanati sana. Yeye naye huenda alifundishwa kwamba ugonjwa huo ni wa nadra.

Mlezi wa Klabu ya Sayansi amekubali kuandika barua Tengeru kuomba tupokewe Jumamosi moja ya muhula ujao. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu, bweni la pili, na nafasi ni ishirini na tano. Jina langu ni la kwanza. La pili nimeandika la ndugu yetu wa mdahalo bila kumwuliza. Kama hataki, aende akalikate mwenyewe kabla ya Ijumaa.

N. S.
Kidato cha Nne B